Goti la Kusingizia

Goti langu halijawahi kuuma. Naanza hapo kwa sababu jambo hili nimelikana mbele ya ndugu zangu, wachungaji, daktari mmoja mpole sana, na mwanamume aliyetaka kunioa, ambaye jioni nyingi alinichua goti hilo kwa dawa, kwa upendo ambao goti lenyewe halikuustahili. Kila aliyeniuliza kwa nini niliacha mchezo wa kitara nikiwa bado bingwa wa nchi, nilimjibu neno moja: goti. Ni jibu lenye adabu. Goti halimlaumu mtu yeyote, wala hakuna mtu mwenye heshima zake atakayekuomba ulifunue alikague.

Kazi ilikuwa kuchechemea. Nilichechemea kwenye harusi, nikachechemea matangani, na hasa nikipanda kilima kwenda kwa mama huko Kilungu, ambako hata mwenye magoti mazima hufika akichechemea. Siku moja mama alikuwa anapukuchua mahindi barazani, akanitazama nikiingia, akauliza, "Leo limehamia kulia?"

"Nini, mama?"

"Gonjwa lako. Pasaka lilikuwa kushoto."

Nikamwambia magoti ya mabingwa huambukizana. Akaendelea kupukuchua.

Huo ubingwa nao usikutishe. Wanawake waliocheza kitara nchini siku hizo wangetosha kwenye benchi moja la kanisa, na nafasi ya kuweka mikoba ingebaki. Kitara chenyewe ni upanga mwembamba usio na makali. Hakiwezi kukata hata nyanya iliyoiva. Mnavaa kofia za wavu wa chuma na makoti yaliyofumwa kwa nyuzi za madini, mnafungwa waya mgongoni kama mbuzi aliyefungiwa malishoni, halafu mnarukiana. Ukimgusa mwenzako popote juu ya kiuno, taa yako inawaka. Wa kwanza kufikisha miguso kumi na mitano ndiye mshindi. Mguso mmoja huisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Mimi natoka kwa watu ambao hawawezi kuomba chumvi kwa jirani kabla ya kuulizia afya ya ng'ombe wake. Lakini siku ya kwanza niliposhika kitara, katika ukumbi wa chuo kikuu Nairobi, niliona kwamba hii ndiyo lugha niliyokuwa nimechelewa kufundishwa.

Mama hakuielewa. Kwetu panga ni la kukatia majani ya ng'ombe.

"Na ukimshinda mwenzako, unapewa nini?"

"Medali."

"Na ukishindwa?"

"Tunapeana mkono tu."

"Si basi mngepeana huo mkono mapema, kila mtu aende kwao?"

Mwenzangu alikuwa msichana wa Mtito Andei aliyetumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Walimu wa shule ya msingi waliupiga mkono huo kwa rula mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia, mwandiko uliokuwa kama nyayo za kuku. Kwenye kitara, mkono ule ule uliochapwa ukageuka utajiri. Mashambulizi yake yalitoka upande ambao kwa wachezaji wengine ulikuwa ukuta. "Walimu wangu waliniwekea akiba," alikuwa akisema, "ila hawakujua."

Tulichukiana vizuri, kwa bidii na kwa ukawaida, kama watu wanaoenda kazini. Tulifanya mazoezi pamoja kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeweza kutuvumilia. Nilijua kwamba akivuta pumzi kwa pua anakuja kweli, na akivuta kwa mdomo anadanganya. Yeye naye alijua ninapoogopa, kwa sababu, aliniambia, huwa nasimama wima zaidi, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na michirizi ya zambarau kuanzia kiwikoni hadi begani, na yote aliichora yeye. Mwaka huu ubingwa ungekuwa wangu, mwaka ujao wake, kisha ungerudi kwangu.

Sasa, kanuni za mchezo zinasema hivi: pambano likiisha, mnavua kofia, mnasalimiana kwa vitara, halafu mnapeana mkono ule usioshika silaha. Kwangu mimi ulikuwa wa kushoto. Kwake ulikuwa wa kulia. Kwa hiyo kwa miaka yote ile, mimi, binti wa mwenyekiti wa akina mama kanisani, ndiye niliyekuwa nikimnyooshea mtu mkono wa kushoto, na yeye aliyechapwa kwa sababu ya mkono huo ndiye aliyetoa mkono wa adabu. Hakuna kati yetu aliyeliwazia jambo hilo hata mara moja, mpaka siku mama alipokuja kututazama.

Alikuja mara hiyo moja tu. Akina mama walikuwa na mkutano wao Nairobi, akatoroka kikao cha mchana, akaketi kwenye ngazi za ukumbi na mkoba mapajani. Ilikuwa fainali. Tulifika kumi na nne kwa kumi na nne. Mguso wa mwisho, taa zote mbili ziliwaka pamoja. Hapo mwamuzi ndiye huamua ni nani aliyeanza shambulio. Akanyoosha mkono upande wangu. Nikavua kofia, jasho likinichoma macho, nikamnyooshea mwenzangu mkono kama kawaida.

Ndipo ikasikika sauti ninayoijua, sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde.

"Wewe! Mpe mkono mzuri!"

Alikuwa ameshasimama. Alishuka ngazi na mkoba wake, akaruka nyaya, akaingia katikati ya uwanja. Mwamuzi aliinua kiganja kumzuia, halafu akakishusha. Naye alikuwa na mama.

"Mama, ni kanuni," nikamnong'oneza.

"Kanuni ya nani? Mtoto wa watu anakupa mkono mzuri, umemshinda, na bado unamtukana?"

Bingwa wa nchi akabana kitara kwapani, akavua glavu kwa meno, akatoa mkono wa kulia, mbichi kwa jasho. Mwenzangu aliupokea huku akicheka mpaka miguu ikamwishia, akaketi sakafuni na waya ungali mgongoni. Mama akamwinua.

"Wewe ni wa wapi?"

"Mtito Andei, mama."

"Aa. Hapo chini tu." Kwa mama, kila kitu kati ya kilima chetu na bahari ni hapo chini tu. Akafungua mkoba, akatoa viazi vitamu alivyokuwa amefunga kwenye gazeti, akampa mshindwa kile kikubwa. "Kula. Huyu wangu hana adabu, lakini umeona ana nguvu."

Baada ya hapo likizo zote alikuja Kilungu. Alijifunza kutembea kwenye matuta ya shamba letu bila kuteleza, na mama alimpa jembe bila kuuliza atalishika kwa mkono gani. Asubuhi tulifanyia mazoezi uani kwa vijiti vya miti ya kahawa ya zamani, kuku wakikimbia huku na huku. Nikikumbuka furaha, sikumbuki jukwaa la medali. Nakumbuka ule ua, na kijiti kikinigonga bega kabla sijaona kimetoka wapi.

Mwaka uliofuata baba yake akaugua. Familia ilikuwa na hoteli ya madereva wa malori kando ya barabara ya Mombasa, na yeye ndiye kifungua mimba. Aliniambia tukiwa tunakunja nyaya baada ya mazoezi.

"Nitarudi mambo yakitulia."

"Sawa," nikasema. Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini nilikuwa msomi, na msomi akizidiwa hufanya mzaha. "Sasa medali zote ni zangu."

"Chukua zote, Bingwa."

Mambo hayakutulia. Mambo ya hoteli huwa hayatulii. Mashindano yaliyofuata nilishinda fainali upesi mno hivi kwamba waliotoka kwenda kununua chai walirudi wakauliza tunaanza saa ngapi. Nikapanda jukwaani. Walipokuwa wakinivisha medali, nilijikuta nikipapasa mkono wangu wa kulia juu ya kiwiko, nikitafuta maumivu. Sikupata hata alama moja. Mkono ulikuwa safi kama wa mtu aliyelala nyumbani.

Miezi michache baadaye goti likaanza.

Nimeishi na goti hilo miaka ishirini na zaidi. Sasa nafundisha chuoni mjini Kitui na kuandika insha ambazo wanafunzi wangu huniambia, kwa heshima, kwamba ni ndefu. Kitara changu kiko nyuma ya kabati. Lakini asubuhi, maji ya chai yakichemka, nachukua mwiko na kwenda mbele, nyuma, mbele, kwenye korido kati ya jikoni na chumba cha kulala. Natazama nafasi iliyo mbele yangu, kwa urefu wa mtu mmoja, upande wa kushoto. Nilidhani hakuna anayejua. Halafu jirani yangu, mama wa maombi, akanisimamisha langoni akanishika bega.

"Dada, nimekuona dirishani ukipambana. Usichoke. Adui lazima akimbie."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba adui alikimbia zamani, na kwamba hiyo ndiyo shida yangu.

Mapema mwaka huu, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu katika shule moja ya wasichana Makueni, alinitumia ujumbe. Mfadhili fulani alikuwa ameiletea shule sanduku la vitara, kofia na makoti. "Mwalimu, tuna kila kitu isipokuwa mtu anayejua vinatumikaje. Njoo utuonyeshe, Jumamosi ya mwisho kabla ya kufunga. Wasichana wanakungoja." Nilianza kuandika lile neno langu. Nikafika herufi ya tatu, nikafuta.

Lakini kitara hakionyeshwi na mtu mmoja. Mtu mmoja mwenye kitara ni mwanamke anayefukuza kuku. Nilihitaji mwenzangu. Na nilipojiuliza ni nani mwingine ningeweza kumwomba, nilijua kwamba sikumtaka mwingine. Kama hangekuja yeye, ningewaambia wasichana wale goti, na mara hii nisingechechemea tena, ningeketi kabisa.

Nikapanda Kilungu kumwambia mama. Sasa macho yake yamefifia, lakini masikio yanasikia mpaka Nunguni.

"Sijui hata kama yuko hai," nikasema.

"Nani? Wa mkono wa kushoto?" Mama alikuwa anachambua maharagwe. "Yuko hai. Krismasi aliniletea chumvi na samaki mkavu, kwa mkono wa kondakta."

"Krismasi gani?"

"Zote."

Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimekula samaki yule, nikimsifu, bila kuuliza alitoka wapi.

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuwa na goti." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Nambari yake iko kwa simu yangu, lakini usimpigie. Mtu uliyemwacha muda wote huo humpigii simu. Nenda umsalimie. Na umpe mkono mzuri."

Niliingia Mtito Andei adhuhuri, jua likiwa limelala juu ya lami. Hoteli ilikuwa ile ile, ila ilikuwa imepakwa rangi ya kijani na kuongezwa vyumba vya kulala nyuma. Malori yalikuwa yamepangana nje, na ndani madereva walikuwa wameinamia sahani. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amenenepa, kitambaa kichwani, anageuza chapati kwa mkono wa kushoto. Kifundo cha mkono kilizunguka kidogo tu, kwa wepesi, chapati ikajigeuza yenyewe. Mwili wangu ukarudi nyuma hatua moja. Sikuuamuru. Ulimtambua.

"Bingwa," akasema bila kuinua kichwa. "Umesimama wima. Unaogopa nini?"

Nikamnyooshea mkono wa kulia. Akaupangusia unga wote.

Aliniketisha karibu na kaunta, akaniwekea ugali na nyama ya kukaanga kabla sijasema nimekuja kwa nini. Dereva wa meza ya pili akageuka. "Mama, huyu ni dada yako?"

"Huyu? Huyu alinipiga kwa panga miaka mitano. Na bado namlisha."

"Kwa panga! Na polisi walisema nini?"

"Walimpa medali."

Meza nzima ikacheka. Mimi nilicheka kidogo. Watu walipopungua nikamweleza: shule, sanduku, wasichana, Jumamosi. Nilieleza vibaya, kwa sentensi ndefu, kama insha zangu. Alisikiliza huku akifuta kaunta mahali ambapo palikuwa pameshafutwa.

"Jumamosi hapa ni siku ya watu," akasema.

"Najua."

"Na mwili huu sasa ni wa kubeba sufuria."

"Wangu ni wa kubeba vitabu. Wataona wanawake wawili wazee wakihema. Basi."

Hakucheka. Alitazama mkono wake wa kushoto, akaukunja, akaukunjua. "Goti lako je? Mama aliniambia uliacha kwa sababu ya goti."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Niliona waziwazi, kama unavyoona mwanya kifuani pa mwenzako na mkono ukakataa kwenda.

"Limepoa," nikasema.

"Niliposikia ni goti nilihuzunika," akasema. "Maana mimi nilikuwa nadhani..."

"Ulidhani nini?"

Mtu akaita chai mbili na mandazi. "Wacha," akasema, akaenda. Aliporudi alikuwa ameshageuka mwenye hoteli. "Nitakupigia, Bingwa. Nikiona inawezekana, nitakupigia."

Nikarudi Kitui. Nilichomoa kitara nyuma ya kabati, nikakipangusa kutu kwa mafuta ya kupikia na gazeti, nikasema nafanya usafi tu. Asubuhi sikushika mwiko. Niliona aibu ya kupambana na mtu ambaye sasa nilijua anapoishi. Simu niliiweka mezani, uso juu. Niliibeba hata nikienda kuanika nguo. Mwalimu wa Makueni alituma ujumbe kuuliza kama wasichana wafagie ukumbi. Sikumjibu. Nilifikiria ile sentensi ambayo haikumalizwa pale kaunta, nikaimalizia kwa namna nyingi, zote zikinipendelea mimi, ndipo nikajua kwamba ni uongo.

Alipiga siku ya Alhamisi, nikiwa nasahihisha insha za wanafunzi. Nyuma yake lori lilikuwa likipiga honi.

"Bingwa. Nimejaribu. Asubuhi nilifunga lango la nyuma nikachukua ufagio, nikaenda mbele, nyuma. Haitawezekana."

"Kwa nini?"

"Goti."

Nikaweka kalamu chini.

"La kulia," akasema. "Linauma nikiinama."

Nililijua goti hilo. Nimelilea mwenyewe. Nililijua hata lile "nikiinama", ambalo nililiongeza mwaka wa pili ili lisikike la kweli. Na nilisikia kwamba kabla ya kulitaja alikuwa amevuta pumzi kwa mdomo.

"Langu halijawahi kuuma," nikasema.

"Ati?"

"Goti langu. Halijawahi kuuma hata siku moja. Niliacha kwa sababu ulienda. Nilishinda fainali na mkono wangu haukuwa na alama hata moja. Sikuweza."

Nilisikia sahani zikipangwa, na redio ya mtu.

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na kuchechemea? Mama alisema unachechemea mpaka anakuonea huruma."

"Nilichechemea vizuri sana. Wakati mwingine nilisahau ni mguu gani."

Kicheko chake kilianza mbali, halafu kikaja chote, kile cha kumketisha mtu sakafuni. Nilingoja kiishe. Sikutaka kiishe.

"Ndivyo nilivyokuwa nadhani," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ndilo nililotaka kusema pale kaunta. Nilidhani uliacha kwa ajili yangu. Halafu nikasikia ni goti, nikajiona mjinga." Lori likapiga honi tena. "Langu linauma. Lakini kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Likiona ngazi."

"Ukumbi wa shule hauna ngazi."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu, labda kaunta, na viatu vyake vikienda, na kutoka mbali, sauti yake ikimwita mpishi: "Wewe! Jumamosi utafungua peke yako!"